Kwa nini SiF₂ huzaliwa kwenye moto na kunaswa kwenye baridi

Msomaji mmoja anayesomea shahada ya uzamili ya kemia ameniuliza hivi: "Nimesoma kwamba silikoni difloridi, SiF₂, hutengenezwa kwa kupitisha gesi juu ya silikoni iliyopashwa hadi nyuzi joto 1150, na bado kazi hiyo huwekwa katika fungu la usanisi (yaani utengenezaji wa viambata) wa halijoto ya chini. Je, hapo hakuna mgongano? Tena, ikiwa gesi yenyewe huweza kuishi dakika mbili na zaidi katika joto la kawaida la chumba, naitrojeni kimiminika inahitajika ya nini? Na je, kazi ya namna hii inaweza kufanyika katika maabara ya chuo kama chetu?"

Ndugu yangu, maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nao ni dhana tunayofundishwa tangu sekondari kwamba baridi ni njia ya kuhifadhi tu, kama vile samaki anavyowekwa kwenye barafu asioze. Katika kemia ya SiF₂ baridi haikuja kuhifadhi. Imekuja kuchagua ni mmenyuko upi uruhusiwe kutokea na upi uzuiwe. Ukilishika hilo, mgongano unaouona kati ya tanuri na naitrojeni utaondoka wenyewe, lakini ili ulishike sawasawa inatubidi tuanze na tanuri.

Malighafi ya kazi hii ni silikoni tetrafloridi, SiF₄, gesi isiyo na rangi ambayo wanakemia wameifahamu tangu karne ya 18, pale Carl Wilhelm Scheele alipoipata mwaka 1771 kwa kuchemsha floraspa na asidi ya salfuriki ndani ya chombo cha kioo. Floraspa ni jiwe lile lile lililochimbwa kwa miongo mingi katika Bonde la Kerio nchini Kenya. Asidi hutoa haidrojeni floridi kutoka kwenye jiwe, na haidrojeni floridi hula silika ya kioo na kuigeuza kuwa SiF₄. Sababu ya kioo kuliwa kwa urahisi hivyo ni nguvu ya bondi kati ya silikoni na florini, ambayo kuivunja kunahitaji takriban kilojuli 565 kwa kila moli, ilhali bondi ya silikoni kwa silikoni inavunjika kwa kama kilojuli 222 tu. Silikoni iliyokwisha kushika florini nne imetulia, wala haina haja ya mwenzi mwingine. Jöns Jacob Berzelius alipoitoa silikoni kwa mara ya kwanza mwaka 1824, ilimbidi atumie metali ya potasiamu iliyopashwa moto ili kuinyang'anya florini zake.

Sasa wewe unataka silikoni yenye florini mbili badala ya nne. Njia iliyozoeleka, ambayo Peter Timms, John Margrave na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani, waliieleza mwaka 1965, ni kupitisha SiF₄ juu ya vipande vya silikoni ndani ya neli ya tanuri:

Si + SiF₄ ⇌ 2SiF₂

Uangalie mlinganyo huu kwa makini kabla ya kusonga mbele. Kwenda upande wa kulia hunyonya joto jingi, kwa hiyo mfumo hautakwenda huko kwa hiari yake katika joto la chumba. Lakini molekuli moja ya gesi inazaa mbili, nayo silikoni yabisi inatoweka katika mvuke, hivyo entropia, yaani mtawanyiko wa molekuli na nishati yake, inaongezeka sana. Na kadiri halijoto inavyopanda ndivyo entropia inavyopewa uzito zaidi katika mizani ya nishati huru. Ukipunguza kanieneo, yaani shinikizo la gesi, hadi sehemu ya kumi ya milimita moja ya zebaki, unazidi kuusukuma mlinganyo kuelekea upande wenye molekuli nyingi za gesi. Kwa hiyo nyuzi 1150 na ombwe ni masharti yanayotoka ndani ya mlinganyo wenyewe, wala hakuna ujanja wa maabara utakaoyakwepa katika njia hii. Moto ndio unaoifanya SiF₂ iwepo.

Ugumu unaanza pale gesi inapotoka tanurini. Kwa hesabu ya nishati, mara inapopoa SiF₂ ingetakiwa kurudi ilikotoka, yaani silikoni na SiF₄. Lakini kutakiwa na kufanyika ni mambo mawili. Timms na wenzake waliona kwamba katika joto la chumba na kanieneo la karibu milimita 0.1 ya zebaki, nusumaisha ya SiF₂, yaani muda wa nusu ya molekuli zake kutoweka, ni kama sekunde 150. Wewe umeichukua namba hiyo kama uthibitisho kwamba naitrojeni haihitajiki. Mimi naomba uifanyie hesabu ndogo. Katika kanieneo hilo molekuli moja ya gesi hugongana na wenzake mara zinazokaribia milioni moja kila sekunde. Ndani ya sekunde 150 SiF₂ imekwisha kugongana zaidi ya mara milioni mia moja, na bado nusu ya molekuli zipo. Hii inatuambia kwamba SiF₂ katika hali ya gesi ni mvivu wa kumenyuka. Kwa kiumbe kinachotajwa vitabuni kuwa tendaji sana, huu ni upole wa kushangaza, na ndio unaozaa tatizo letu: ukiichanganya na gesi nyingine katika joto la chumba ili vimenyuke, mara nyingi utapata kidogo sana, na hatimaye SiF₂ itajishikiza kwenye kuta za chombo na kuwa polima.

Upole huo una sababu katika umbo lake. Mawimbi mikro yalipima molekuli hii mwaka 1965, katika kazi aliyoshiriki Robert Curl, yule yule ambaye mwaka 1996 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ugunduzi wa fulerini, molekuli za kaboni zenye umbo la mpira. Molekuli imepinda kwa pembe ya karibu nyuzi 101, na umbali kati ya silikoni na florini ni pikomita 159. Elektroni mbili ambazo silikoni haikuzitumia katika bondi zimekaa pamoja kama jozi katika obiti iliyo karibu na kiini chake, na juu yake ipo obiti tupu. Obiti tupu ndiyo inayomfanya kiumbe huyu awe na njaa ya elektroni za wengine. Lakini kila florini ina jozi zake za ziada ambazo huegemea kidogo kuelekea obiti hiyo na kupunguza njaa yake. Hivyo SiF₂ ina uwezo mkubwa wa kumenyuka, ila haina haraka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la pili. Kiumbe asiye na haraka anahitaji kukutanishwa na mwenzi kwa karibu sana na kwa muda mrefu. Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuelekeza mvuke wa SiF₂, na sambamba nao mvuke wa dutu ya pili, kwenye ukuta wa kioo uliozungukwa na naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mvuke wote unaganda papo hapo. Molekuli zilizokuwa zikipishana katika ombwe sasa zimebanana kama watu ndani ya daladala ya saa kumi na mbili jioni, kila moja imezungukwa pande zote, na hakuna inayoweza kuondoka.

Lakini utauliza, na ni haki yako kuuliza: je, baridi kali hivyo haizuii mmenyuko wenyewe? Inazuia, ila haizuii yote kwa kiasi kimoja, na hapa ndipo penye siri yote. Chukua mmenyuko wenye kizingiti cha nishati, yaani nishati ambayo molekuli lazima ziwe nayo ili zimenyuke, cha kilojuli 40 kwa moli. Ukitumia mlinganyo wa Arrhenius ulioufundishwa mwaka wa kwanza, utaona kwamba kuushusha kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 196 chini ya sifuri kunaupunguzia kasi kwa takriban mara 10²⁰. Kilichochukua sekunde moja sasa kitachukua muda unaozidi umri wa ulimwengu. Sasa chukua mmenyuko mwingine wenye kizingiti cha kilojuli 4 tu. Huo, kwa baridi ile ile, hupungua kasi kwa kama mara mia moja. Kilichochukua sekunde moja kitachukua dakika moja na nusu hivi. Baridi, basi, ni chekecheke: mimenyuko yenye vizingiti vikubwa hubaki juu, na ile isiyo na kizingiti au yenye kizingiti kidogo hupita. Njia za uharibifu, zile za kuvunja bondi za dutu ya pili au kurudisha SiF₂ kuwa silikoni na SiF₄, kwa kawaida zina vizingiti vikubwa. Obiti tupu inapopokea jozi ya elektroni kutoka kwa jirani, kizingiti chake ni kidogo. Kwa hiyo jina "usanisi wa halijoto ya chini" halisemi lolote kuhusu pale SiF₂ inapozaliwa. Linasema kuhusu pale inapooana.

Mazao yanathibitisha hoja hii vizuri kuliko maneno yangu. SiF₂ iliyogandishwa peke yake huonekana kama utando wenye rangi ya kahawia nyekundu. Ukiuacha upate joto taratibu, rangi hupotea na kubaki polima (SiF₂)ₙ inayovutika kama mpira. Polima hiyo ikiguswa na hewa yenye unyevu huwaka moto. Ukiipasha ndani ya ombwe hadi nyuzi 200 na kuendelea, inajikatakata na kutoa msururu wa perflorosilani, kuanzia SiF₄ na Si₂F₆ hadi minyororo yenye silikoni 14. Mnyororo wenye atomi 14 za silikoni zilizoshikana, kila moja imevaa florini, haupatikani kirahisi kwa njia za kawaida za chupa na kimiminika, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya naitrojeni.

Ugandishwaji wa pamoja na boroni trifloridi, BF₃, ulitoa zao lenye mvuto mkubwa zaidi, Si₂BF₇, yaani F₃Si–SiF₂–BF₂, pamoja na nduguye mrefu zaidi Si₃BF₉. Fikiri ni nini kimefanyika hapo. Bondi ya boroni na florini ni miongoni mwa bondi imara kuliko zote tuzijuazo, lakini imefunguliwa katika baridi ya naitrojeni kimiminika, au katika nyuzi chache juu yake wakati wa kupasha, na mnyororo wa silikoni ukaingizwa katikati. Benzini ya maabara, ambayo pete yake haikubali kuguswa ovyo, ilipogandishwa na SiF₂ ilitoa viambata ambamo vipande vya SiF₂ vimejenga daraja juu ya pete. Ethilini ilitoa pete zenye silikoni mbili zilizoshikana pamoja na kaboni mbili au nne. Heksaflorobenzini iliachia florini yake moja na kuwa C₆F₅SiF₃.

Umeona jambo linalojirudia? Katika mazao mengi silikoni huja mbili mbili. Zao dogo kuliko yote kutoka kwa BF₃ lina silikoni mbili, si moja. Margrave na wenzake walilichukua hilo kuwa dalili kwamba katika barafu hiyo ya mvuke ulioganda SiF₂ mbili hushikana kwanza na kuwa ·SiF₂–SiF₂·, kiumbe chenye elektroni moja isiyo na mwenzi kila upande, na kwamba huyo ndiye anayemvaa mwenzi wa kigeni. Maelezo hayo yana uzuri wake, na kwa miaka mingi yalikubalika. Baadaye kundi la Chao-shiuan Liu katika mji wa Hsinchu, Taiwan, lilionyesha kwamba SiF₂ moja moja nayo hushiriki, na kwamba zao hubadilika kulingana na iwapo viumbe hivi vinakutana katika gesi au katika barafu. Mimi nakushauri usiyashike maelezo ya jozi kama sheria. Yashike kama kumbukumbu kwamba barafu ina msongamano mkubwa wa SiF₂, na penye msongamano huo jirani wa karibu zaidi wa SiF₂ anaweza kuwa SiF₂ nyingine. Ukitaka kupunguza mazao ya silikoni mbili, jambo la kwanza la kubadili ni uwiano: ongeza dutu ya pili mara kumi au zaidi, ili kila SiF₂ iamke imezungukwa na wageni.

Uwiano huo ukiusukuma hadi mwisho unafika kwenye mbinu iliyoanzishwa na George Pimentel na wenzake kule Berkeley mwaka 1954, ya kufungia molekuli tendaji ndani ya barafu ya gesi isiyomenyuka. Molekuli moja ya SiF₂ kwa mamia ya atomi za agoni au neoni, katika baridi iliyo nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi, haina wa kumgusa. Inakaa kama kokwa ndani ya embe, nawe unaweza kupitisha mionzi ya infraredi na kusoma mitetemo ya bondi zake bila haraka. Kwa SiF₂ kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1966. Faida yake kwa mtu wa usanisi ni kwamba unaweza kuruhusu barafu ilegee kidogo kidogo na kutazama mstari wa SiF₂ ukififia huku mistari ya mazao ikichomoza. Ni ushahidi wa macho kwamba mmenyuko unatokea ndani ya baridi na si baadaye.

Kupasha ndiko kunakoharibu kazi za wengi, kwa hiyo niruhusu nikawie hapa. Mtu aliyegandisha kwa saa tatu huchoka, akaiondoa chupa ya Dewar (thermosi inayobeba naitrojeni) yote kwa mara moja, na barafu ikapanda nyuzi mia katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Chekecheke limetobolewa. Mimenyuko yenye vizingiti vikubwa imefunguliwa kabla ile yenye vizingiti vidogo haijamaliza, na joto linalotolewa na mmenyuko wa kwanza linaharakisha wa pili, hata sehemu kubwa ya SiF₂ ikaishia kuwa polima. Ushushe usawa wa naitrojeni sentimita moja moja, uache pampu ikiwa imefungwa, na uangalie kipima kanieneo. Kikianza kupanda ghafla, rudisha baridi. Mvuke unaotoka uutenganishe kwa kuupitisha katika mitego yenye baridi tofauti: ule wa barafu kavu ndani ya asetoni, nyuzi 78 chini ya sifuri, utazuia Si₂F₆ na vilivyo vizito kuliko hiyo, na SiF₄ itapita hadi kwenye mtego wa naitrojeni.

Sasa kuhusu maabara yenu. Naitrojeni kimiminika haipaswi kuwa kikwazo Afrika Mashariki, kwa kuwa wafugaji wameizoea kabla ya wanakemia: mbegu za madume zinazotumika katika uhimilishaji wa ng'ombe huhifadhiwa humo, na vituo kama kile cha Usa River mkoani Arusha na kile cha Kabete karibu na Nairobi vimejengwa juu ya baridi hiyo. Idara ya kemia inayoongea vizuri na watu wa mifugo haitakosa lita chache. Kinachokosekana mara nyingi ni mfumo wa ombwe usiovuja, tanuri la neli linalofika nyuzi 1150 na kukaa hapo, na mtu aliyekwisha kufanya kazi hii kwa mikono yake.

Hatari mbili sitaziacha bila kuzitaja. Ya kwanza ni unyevu. SiF₄, Si₂F₆ na polima zote humenyuka na maji, na kati ya mazao yake ni haidrojeni floridi, ambayo hupenya ngozi, hushika kalisi ya mwili na huweza kuua hata pale jeraha linapoonekana dogo. Mahali pasipo na chemba yenye feni ya kuvuta hewa, na jeli ya kalisi glukoneti iliyo karibu na isiyopitwa na muda, kazi hii isianze. Ya pili watu huisahau kwa sababu haina harufu. Oksijeni huwa kimiminika katika nyuzi 183 chini ya sifuri, ilhali naitrojeni inachemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfumo wako ukivuja na kuvuta hewa kupitia mtego wa naitrojeni, oksijeni itajikusanya humo. Nimewahi kuona kimiminika cha buluu hafifu chini ya mtego ambao ulipaswa kuwa mtupu, na hadi leo naikumbuka rangi ile. Oksijeni kimiminika ikikutana na polima ya SiF₂ au na grisi ya bomba, mlipuko unaweza kutokea. Ukiiona rangi hiyo, usiuondoe mtego kwenye baridi, usiufunge, waondoe watu wote chumbani na umwite msimamizi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la tatu ni kwamba inawezekana, lakini si mwaka huu na si peke yako. Anza na upande usiohitaji florini hata kidogo. Jengeni mfumo wa kioo, upimeni uvujaji wake usiku kucha, kisha fanya mazoezi ya kuhamisha kaboni dioksidi kutoka chupa moja hadi nyingine kwa baridi ya naitrojeni. Gramu moja ya kaboni dioksidi katika ujazo wa lita 1 na nyuzi 25 inapaswa kukupa kanieneo la karibu milimita 420 za zebaki. Igandishe, iyeyushe, ihamishe mara kumi, na kila mara upime tena. Wakati huo huo, katika kompyuta, hesabu kwa programu huria vizingiti vya SiF₂ dhidi ya BF₃, ethilini na SiF₂ nyingine, uone mwenyewe ni ipi inayopita kwenye chekecheke la nyuzi 196 chini ya sifuri na ni ipi inayobaki juu. Ukifika mahali ambapo milimita 420 zinarudi kuwa 420 hata baada ya uhamisho wa kumi, niandikie tena pamoja na msimamizi wako, nasi tutaanza kuzungumza juu ya tanuri.